UUNGWANA NI VITENDO, HATA JUU YA BAISKELI

Wahenga walinena kwamba uungwana ni vitendo. Hawakusema uungwana ni suti na tai, wala hawakusema uungwana ni kumiliki baiskeli ya gia 21. Walisema ni vitendo. Basi katika makala haya nataka kuwaonyesha walimu wangu wapendwa na wanafunzi wenzangu kwamba methali hiyo ina kazi hata mahali ambapo hatukuzoea kuisikia, yaani kwenye vijia vyetu vyembamba vya kupanda na kushuka, ambapo mtu wa miguu, mwanariadha, ng'ombe, punda na baiskeli hukutana kila siku ya Mungu.

Najua kuna atakayeguna, "Sasa huyu naye! Chama cha Kiswahili na baiskeli wapi na wapi?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Adabu huanzia kwenye ulimi. Mtu anayemfikia mama mzee kutoka nyuma na kumpita kimyakimya kama mwizi amekosa lugha kabla hajakosa breki. Tukishaelewana hapo, twende pamoja.

Sisi wa pande hizi za Iten twajua jinsi nchi yetu ilivyo. Tuko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande mmoja ardhi inakatika ghafla kuelekea Tambach na bonde la Kerio. Barabara kuu ya lami ina malori, matatu na bodaboda. Njia nyingine nyingi ni za udongo mwekundu. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla umande haujakauka, wanariadha wameshazijaza. Wengine ni wa hapa nyumbani, wengine wametoka Ulaya na kwingineko kuja kutafuta pumzi ya milimani. Nyuma yao wanakuja akina mama na mitungi ya maziwa, halafu watoto wa shule ya msingi, halafu ng'ombe wanaopelekwa mtoni, halafu sisi wenye baiskeli, mbio mbio tusichelewe gwaride. Njia ni moja, nao upana wake mara nyingi hauzidi hatua mbili.

Mimi naendesha baiskeli tangu nilipokuwa darasa la sita. Hii niliyo nayo sasa ni ya mtumba, ya gia, yenye tairi pana zenye meno. Mjomba aliinunua Eldoret baada ya mavuno ya mahindi. Kwa barabara kuu, kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita tisa. Kwa kijia cha kukatiza mashambani ni kilomita nne tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu mwaka jana, muhula wa pili, kijia hicho kilifungwa.

Wacha nieleze vile mambo yalivyokuwa. Kuna mteremko mmoja baada ya miti ya misaiprasi, ambapo njia inapinda kushoto na kushuka kuelekea kijito. Asubuhi moja, mama mmoja jirani yetu alikuwa akishuka polepole na mtungi wa lita kumi za maziwa. Nyuma yake alitokea kijana, si wa shule yetu, akiteremka mithili ya mshale. Alipomwona mama yule alipiga kelele, "Kushoto!" Kijana alikuwa na maana kwamba yeye anapita upande wa kushoto. Mama akasikia kwamba anaambiwa aende kushoto. Akafanya kama alivyoambiwa. Kufumba na kufumbua wote wawili walikuwa chini, maziwa yakitiririka njiani, na mkono wa mama umevunjika kifundoni.

Wenzangu, mkono ulivunjika siku moja, lakini hasara ilienda mbali. Alikaa na plasta wiki sita. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kukama. Binti yake wa darasa la saba ndiye aliyeshika kazi ya kukama, na kila asubuhi alifika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha. Kijana na wazazi wake walikuja, wakaomba radhi, wakalipia matibabu. Lakini vipindi vya asubuhi vya wiki sita vinalipwa na nani?

Baada ya hapo mzee mwenye shamba lile alikata matawi ya miiba akayalaza kuvuka njia. Wa miguu walipita pembeni, kwenye upenyo aliowaachia. Magurudumu, marufuku. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Ardhi ni yake, na njia ile haimo katika ramani yoyote ya serikali. Ni ukarimu tu wa baba yake, ambaye aliwaruhusu majirani kupita tangu zamani. Sisi wanafunzi wa baiskeli tukarudi kwenye lami, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, malori yakitupuliza ukingoni. Wawili kati yetu walikatazwa na wazazi wao kutumia baiskeli kabisa, wakaanza kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa miguu, kungali giza.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: je, kuna watu wengine duniani waliopatwa na jambo hili kabla yetu? Kumbe wapo wengi! Nilisoma, nikauliza walimu, nikagundua kwamba ugomvi wa baiskeli na mtu wa miguu una umri karibu sawa na baiskeli yenyewe.

Huko Uingereza, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1888 iliitambua baiskeli kuwa chombo cha kusafiria barabarani kama magari ya farasi. Lakini sheria hiyo hiyo ikamwamuru mwenye baiskeli kupiga kengele au filimbi, au kutoa ishara nyingine ya kusikika, kabla ya kumpita mtu au mnyama. Miaka 80 baadaye, katika sheria ya mashambani ya mwaka 1968, baiskeli ziliruhusiwa kupita kwenye njia za farasi huko Uingereza na Wales, kwa sharti moja: mwenye baiskeli awapishe wanaotembea kwa miguu na waliopanda farasi. Ona basi. Ruhusa ilikuja imefungwa pamoja na adabu, kama mzigo na kamba yake.

Na hizi baiskeli za milimani zenyewe? Zilipata umaarufu katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, katika wilaya ya Marin, penye mlima uitwao Tamalpais. Vijana walichukua baiskeli kuukuu za tairi nene, wakazipandisha juu na kuteremka nazo mbio. Mwaka 1976 walianza mashindano kwenye njia waliyoiita Repack. Jina hilo lina kisa chake. Breki za wakati huo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwenye mteremko ule zilipata moto hadi grisi yote ikaungua na kutoka moshi, na mtu akifika chini ilimbidi afungue kitovu na kutia grisi upya. Mchezo ukapendwa, ukaenea, na mwaka 1996 ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Lakini kila kizuri kina kasoro yake. Wapanda milima wa miguu na wenye farasi walianza kulalamika, na njia nyingi zikafungiwa baiskeli, kama yetu. Ndipo mwaka 1988 waendesha baiskeli wa huko California wakaunda chama cha kimataifa, IMBA, kikatunga kanuni za njiani. Kwa muhtasari zinasema hivi: pita kwenye njia zilizoruhusiwa tu, usiache alama nyuma yako, itawale baiskeli yako, wapishe wengine, usiwashtue wanyama, na jitayarishe kabla ya safari. Sikuona hata moja ambayo nyanya yangu asingeikubali, ingawa hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Sasa nitazieleza kanuni hizo kwa jinsi zinavyohusu vijia vyetu. Sitaki mzikariri kama kasuku. Nataka tuone sababu, maana kanuni isiyo na sababu husahaulika mwalimu akigeuka ubaoni.

Ya kwanza ni kupisha. Mwenye baiskeli humpisha mtu wa miguu, daima. Kwani yeye ni mkubwa wetu? Si hivyo. Tukigongana, anayeumia zaidi aghalabu ni yeye, na anayekuja na mwendo ni mimi. Mwenye uwezo wa kudhuru ndiye anayepaswa kujizuia. Mtu amebeba mtungi, kuni, au mtoto mgongoni. Hawezi kuruka kando kama swala. Punguza mwendo, na njia ikiwa nyembamba, shuka, weka mguu chini, simama ukingoni, yeye apite. Kushuka kwenye baiskeli hakukupunguzii cheo. Heshima si utumwa.

Na baiskeli mbili zikikutana mlimani? Anayeteremka humpisha anayepanda. Hili wengi hulipinga. "Mimi niko kasi, yeye anatambaa, si yeye angojee?" Hebu fikiri. Anayepanda amekusanya nguvu zake zote, anatweta, moyo unadunda. Akisimamishwa katikati ya mlima, kuanza tena pale ni taabu. Gurudumu la nyuma linateleza, naye huenda akalazimika kusukuma hadi juu. Anayeteremka akisimama, hapotezi kitu. Akiachilia breki, mlima wenyewe unamrudishia mwendo.

Ya pili ni mwendo. Hapa nawaomba walimu wa fizikia wanisahihishe nikikosea. Ukienda kilomita 36 kwa saa, unapita mita 10 kila sekunde. Ukienda kilomita 18 kwa saa, unapita mita 5 kila sekunde. Tuseme kwamba kutoka kuona hatari hadi vidole kuanza kukaza breki ni sekunde moja. Kwenye kona ya misaiprasi niliyoitaja, mtu huona mita 12 hivi mbele yake. Yule wa kilomita 36 atakuwa amezila mita 10 kabla ya breki kugusa. Zimebaki mbili. Zaidi ya hayo, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mwendo huongezeka mara nne, na umbali wa kusimama baada ya kushika breki nao huongezeka mara nne. Na hiyo ni kwenye ardhi kavu! Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa huwa kama sabuni. Kwa hiyo kanuni ni hii: usiende kasi kuliko macho yako. Kama huwezi kusimama ndani ya umbali unaouona, basi unacheza bahati nasibu na mkono wa mtu mwingine.

Breki zenyewe pia. Kuna wenzetu, siwataji, wanaosimama kwa soli ya kiatu. Jamani! Kabla ya kutoka nyumbani binya breki zote mbili na usukume baiskeli mbele. Ikitembea, usiipande. Raba za breki zikiisha zibadilishwe. Si kitu cha kungojea sikukuu.

Ya tatu ni sauti, na hapa ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia. Kama tulivyoona, mama yule hakuangushwa na mwendo peke yake. Aliangushwa pia na neno moja lisiloeleweka. "Kushoto!" Nani aende kushoto? Mimi au wewe? Neno lisilo na mwenyewe ni hatari. Sema sentensi kamili, mapema, ukiwa bado mbali, na uanze na salamu. "Chamgei, mama. Niko nyuma yako na baiskeli. Naomba kupita mkono wa kulia." Subiri akujibu, au ageuke akuone. Kengele ni nzuri, lakini igonge ukiwa mbali, mara moja au mbili, ipate kuwa taarifa. Ukiigonga mgongoni mwa mtu inakuwa matusi.

Mwaonaje tukilinganisha na nyumba? Hakuna miongoni mwetu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi na kungoja kukaribishwa. Basi nafasi anayotembea mtu njiani ni nyumba yake ya wakati huo. Bisha hodi. Na mkiwa wengi, wa kwanza aseme idadi: "Tuko watatu, mama, wawili wako nyuma yangu." La sivyo, mama akishampisha wa kwanza atarudi katikati ya njia, amkute wa pili puani. Ukishapita, sema asante. Ni neno la bure.

Kutokana na hilo, vile vipokea sauti vya masikioni viache mfukoni. Anayesikiliza muziki haisikii kengele ya mwenzake wala filimbi ya mchungaji. Hili linawahusu hata wanariadha na wa miguu. Njia ikiwa ya wote, masikio nayo yawe wazi kwa wote.

Ya nne ni wanyama. Ng'ombe hakusoma kanuni. Ukimjia kasi kutoka nyuma atakimbia mbele, na wenzake watamfuata hadi kwenye shamba la mahindi la mtu, na kesi itakuwa yako. Ukifikia kundi, shuka, usukume polepole, zungumza na mchungaji. Punda naye awe na hadhari yake: usipite karibu na miguu yake ya nyuma, hasa akiwa na mitungi ya maji. Ongea ukimkaribia. Mnyama akisikia sauti ya mtu hutambua kwamba kile kitu chenye magurudumu na kelele za cheni ni binadamu tu. Mbwa akikufukuza, mara nyingi ukishuka na kuweka baiskeli kati yako na yeye, hamu ya kufukuza humwisha.

Wale watakaobahatika kwenda Hell's Gate kule Naivasha watajionea. Ile ni mojawapo ya mbuga chache humu nchini ambamo wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Wamo nyati pia. Huko adabu kwa wanyama inaweza kuwa ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Ya tano ni kuihurumia njia yenyewe. Wengi wetu hatulifikirii jambo hili. Wakati wa masika, tairi la meno likipita kwenye tope huacha mfereji. Mvua ya jioni hufuata mfereji ule, maji yanapata njia, yanauchimba zaidi. Wiki mbili, ule uliokuwa mstari umekuwa korongo, na sehemu hizi zetu za mteremko udongo ukishaondoka haurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo tope likishika tairi hadi gurudumu halizunguki, hiyo ni dalili kwamba siku hiyo si ya baiskeli. Shuka, beba, au pita barabara kuu. Ukikuta dimbwi dogo, pita katikati yake, usizunguke kando. Kila mmoja akizunguka, njia inapanuka, inamega shamba la mtu mstari mmoja wa maharagwe kila mwezi. Na usikokote gurudumu la nyuma kwa mbwembwe ili wasichana wa Kidato cha Pili wakutazame. Unachimba kaburi la njia.

Hapa nakumbuka msitu wa Karura, Nairobi. Msitu ule ni hekta 1,041, na leo watu wa miguu, wakimbiaji na wenye baiskeli hupita humo. Tusisahau kwamba mwaka 1998 na 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigania msitu huo usigawiwe wajenzi, na Januari 1999 akapigwa na kujeruhiwa. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki mwaka 2011. Ninalojifunza ni hili: njia ya wote haijileti yenyewe. Kuna mtu aliyeilipia, kwa damu au kwa kutoa kipande cha shamba lake. Sisi tunaopita tumekaribishwa.

Ya sita ni malango na uzio. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, maana huenda mwenyewe ameliacha wazi ili ng'ombe wafike majini. Usikate seng'enge, usifungue njia mpya katikati ya ngano ati kwa kuwa ni fupi. Karatasi za biskuti na chupa za maji rudi nazo.

Ya saba ni kusaidiana. Beba pampu, kipande cha raba, gundi na spana moja. Ukimkuta mwenzako ana pancha, simama umuulize, hata kama ni wa shule tunayoshindana nayo kwenye mpira. Ukimkuta mtu ameanguka, usimpite. Wa miguu nao wana wajibu mdogo: wakiwa kundi wasizibe njia yote kama ukuta, na wakisikia hodi waitikie. Lakini mzigo mkubwa ni wetu sisi wenye magurudumu. Tusiutupe.

Sasa, nini kilitokea kwa kijia chetu? Wanafunzi wanne tulichaguliwa kwenda kumwona mzee, nami nikawa mmoja wao. Mwalimu wetu mlezi alituongoza. Tulimkuta akipalilia viazi. Tuliamkia, tukakaa, tukasema kilichotuleta. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema hana ugomvi na baiskeli, hata yeye katika ujana wake aliendesha Black Mamba akipeleka maziwa. Ugomvi wake ni na mtu asiyejua kushuka. Akatuuliza swali moja: "Mkipita hapa, mtanionyeshaje kwamba mnajua kushuka?"

Tulikosa jibu la haraka. Mwenzetu mmoja wa kike, ambaye si mwepesi wa maneno, ndiye aliyesema: "Mzee, acha miiba. Fungua kidogo tu, nafasi ya mtu na baiskeli yake ikisukumwa. Asiyeshuka hatapita." Mzee alicheka. Akakubali mwezi mmoja wa majaribio.

Na sisi tukajipangia yetu. Kila baiskeli iwe na kengele. Asiye na pesa, fundi alimtengenezea ya kifuniko cha chupa na msumari. Breki hukaguliwa kila Jumatatu na kiranja wetu wa baiskeli. Kwenye mteremko wa misaiprasi ni kusukuma, kupanda na kushuka, hakuna hoja. Jumamosi moja kila muhula tunaenda na majembe kuziba mifereji na kuelekeza maji pembeni. Na kwa mama yule tulipanga zamu: kila asubuhi mmoja wetu alipitia kwake, akafunga mtungi kwenye kerieri na kuufikisha mahali pa kukusanyia maziwa, hadi mkono ulipopona. Kukama hatukuweza kumsaidia, ng'ombe wake hataki wageni, lakini binti aliokoa nusu saa, akawa anafika kabla ya kipindi cha pili.

Mwezi ulipita, wa pili ukapita, na mpaka ninapoandika haya njia iko wazi. Sitawadanganya kwamba kila kitu ni asali. Kuna asubuhi nimemwona mtu akiinua baiskeli juu ya miiba badala ya kushuka kistaarabu. Kuna wa miguu ambao bado hutukunjia uso tukisema hodi. Imani ikivunjika, kama mfupa, huunga polepole, na plasta haitolewi kabla ya siku zake.

Ndiyo sababu nawaomba, hasa ninyi mtakaojiunga na shule yetu mwakani na baiskeli zenu mpya. Ruhusa tuliyo nayo haikuandikwa popote. Iko mikononi mwa kila mmoja anayepita pale, kila asubuhi. Akikosea mmoja, wataenda kwenye lami wote, na wawili wale watarudi kuamka saa kumi na moja. Basi pima breki zako, gonga kengele ukiwa mbali, sema salamu kamili, shuka inapobidi. Mwenda pole hajikwai, na tena hamkwazi mwenzake.

Kalamu yangu naiweka hapa. Atakayekuwa na la kuongeza au kunikosoa, tukutane Alhamisi kwenye mkutano wa chama. Ila akija na baiskeli, aiegemeze kwenye ukuta wa maktaba, asiiache mlangoni. Mlango nao ni njia ya wote.